Mwanangu anataka ninunue ujana kwa kiinua mgongo changu

Barua ya msomaji

Ndugu Mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina umri wa miaka 61, ninaishi Muheza. Nilifundisha biolojia na Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na kwa kuwa nilikuwa nikiwazoesha wanafunzi wangu kuuliza kabla ya kuamini, leo nimeona na mimi nisione haya kuuliza.

Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Nimebaki na wajukuu wawili ambao mama yao anafanya kazi mbali; mkubwa ana miaka 9 na mdogo ana 6, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Nimepiga hesabu nikaona kwamba ili huyu mdogo amalize kidato cha nne nikiwa bado ninatembea kwa miguu yangu na kulikumbuka jina lake, ninahitaji miaka 12 hivi. Mama yangu mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 66, akakaa kitandani miaka mitano, kwa hiyo hesabu hiyo inaninyima usingizi.

Kitinda mimba wangu, ambaye yuko Dar es Salaam, alinipeleka katika kituo kimoja kinachojitangaza kuwa kinarudisha ujana. Nilipewa kijiti cha chuma nikakishika mkononi kwa dakika moja hivi, nacho kilikuwa kimeunganishwa na kompyuta mpakato, kisha zikachapishwa karatasi nyingi za rangi zikieleza hali ya ini, figo, mifupa na hata homoni zangu. Mwisho wake niliambiwa kwamba ingawa cheti cha kuzaliwa kinasema 61, umri wa mwili wangu ni 73, na kwamba nikifuata tiba yao kwa mwaka mmoja utashuka hadi 50. Siku hiyo waliniwekea dripu ya kwanza bila malipo, ya kitu wanachokiita NAD. Sitakuficha: niliporudi Muheza nilijihisi mwepesi kwa siku tatu, nikafagia uwanja mzima bila kupumzika.

Tiba kamili ni shilingi milioni 14. Ndani yake mna dripu za kila wiki kwa miezi mitatu, kapsuli za mwaka mzima, na mwishoni sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ambayo nitapangiwa safari ya nje ya nchi kuifuata. Fedha hizo ninazo, kwa kuwa kiinua mgongo changu bado hakijaguswa sana, ila nilikuwa nimekitenga kwa ajili ya ada za watoto na kumalizia nyumba. Kijana wangu ananisihi nisichelewe, eti bei itapanda. Nimekuja kugundua, bila yeye kuniambia, kwamba ni wakala wa kituo hicho na hupata asilimia fulani kwa kila mteja anayempeleka. Sitaki kumvunja moyo, kwa sababu hana kazi nyingine.

Nikiwa bado natafakari, nilisoma katika kundi letu la WhatsApp la walimu wastaafu kwamba dawa ya kisukari iitwayo metformini inarefusha maisha hata kwa asiye na kisukari. Dada yangu ninayeishi naye anaitumia. Kwa wiki sita sasa nimekuwa nikichukua kidonge kimoja katika kopo lake kila asubuhi, mwenyewe hajui. Afya yangu kwa jumla ni nzuri. Mwaka jana zahanati waliniambia presha ni 162 kwa 98 wakanipa dawa, nikazitumia mwezi mmoja nikaacha kwa kuwa sikuwa nikisikia maumivu yoyote.

Naomba unijibu kama unavyomjibu mtu aliyesoma. Je, sayansi hii ya kurudisha umri nyuma ipo kweli, au ni hadaa? Na kama ipo, milioni 14 ni nyingi kwa miaka 12?

Mwalimu mstaafu, Muheza

Jibu

Shikamoo Mwalimu.

Pole sana kwa kuondokewa na mzee wako, na hongera kwa kuendelea kulea. Umeomba jibu la mtu aliyesoma, nami sitakuzungusha: sayansi ya kuchelewesha uzee ipo, ina maabara zake na watafiti wake wanaoheshimika, lakini unachouziwa kwa milioni 14 hakitokani na sayansi hiyo isipokuwa kwa kuazima majina yake. Usilipe. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu mwalimu hulikubali jibu pale anapoonyeshwa njia ya hesabu, na pia kwa sababu katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipitia mbio ambayo kwangu mimi mfamasia ni nzito kuliko dripu, kapsuli na seli shina zikiwekwa pamoja. Nitaifikia.

Tuanze na yaliyo kweli. Kwa muda mrefu kuzeeka kulichukuliwa kuwa ni kuchakaa tu, kama kanga inavyopauka kwa kufuliwa na kuanikwa juani. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wakiwa Philadelphia, waliandika kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi kisha husimama. Baadaye sababu mojawapo ikaonekana kuwa ni telomia, yaani vile vifuniko vya ncha za kromosomu ambavyo hufupika kila seli inapogawanyika, na wanasayansi watatu waliogundua namna vinavyolindwa walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Hayo yote bado yangeweza kupatana na mfano wa kanga. Aliyeuvuruga mfano huo ni mnyoo. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake huko California walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja tu la mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja lilimfanya aishi mara mbili ya kawaida, tena si kwa kujikokota bali akiwa na nguvu zake. Kitu kinachochakaa tu hakiongezewi maisha maradufu kwa kuguswa mahali pamoja. Kwa hiyo ilibidi ikubalike kwamba mwili wenyewe una mitambo inayoamua kasi ya uzee, na kwamba mitambo hiyo kwa sehemu kubwa ni ileile inayoupa mwili habari kama chakula ni tele au kimeadimika.

Wewe uliyefundisha biolojia utaupenda pia mfano ulio karibu na kwetu. Yuko fuko asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, mdogo kama panya wa nyumbani. Panya wa nyumbani akitunzwa vizuri huishi miaka 3 hivi, ilhali fuko huyo maabara amevuka miaka 30, saratani humpata kwa nadra sana, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba, tofauti na ilivyo kwetu, uwezekano wake wa kufa hauongezeki kadiri miaka inavyosonga. Maumbile, basi, yamewahi kulitatua tatizo hili. Ila hayakulitatua kwa dripu.

Dawa nazo zimejaribiwa. Mwaka 1964 msafara wa Wakanada ulikwenda Kisiwa cha Pasaka, katikati ya Bahari ya Pasifiki, ukachukua udongo ambamo baadaye walipatikana bakteria wanaotengeneza kemikali iliyopewa jina la rapamaisini, kwa kufuata jina la wenyeji la kisiwa hicho, Rapa Nui. Mwaka 2009 maabara tatu za Marekani, kila moja ikifanya jaribio lilelile kivyake, zilitangaza kwamba panya walioanzishiwa dawa hiyo wakiwa tayari wazee wa siku 600 walirefushiwa maisha, majike kwa asilimia 14 na madume kwa asilimia 9. Hayo ni matokeo makubwa, wala sitaki kuyabeza. Lakini hospitalini dawa hiyohiyo hupewa watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ngeni. Ni dawa ya kushusha kinga, nasi tunaishi katika nchi ambako kifua kikuu bado ni jirani.

Na kuhusu kurudisha umri nyuma hasa, mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba ukiwasha jeni nne katika seli ya ngozi ya panya aliyekomaa, seli hiyo hurudi kuwa changa kama ya kiinitete. Kwa kazi hiyo alipata Nobel mwaka 2012. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Salk, California, waliziwasha jeni hizo kwa vipindi vifupi ndani ya panya wenye maradhi ya kuzeeka haraka, wakaishi zaidi ya wenzao. Mwaka 2020 maabara ya David Sinclair katika Chuo Kikuu cha Harvard ilitumia tatu kati ya jeni hizo nne kuwarudishia panya sehemu ya uwezo wa kuona baada ya neva ya jicho kuharibika. Hatari yake ni kwamba seli ikirudishwa nyuma kupita kiasi husahau kazi yake na kugeuka uvimbe, na hakuna mamlaka ya dawa iliyoidhinisha tiba ya namna hiyo kwa ajili ya uzee.

Bila shaka umeona neno panya linavyojirudia. Panya wa maabara huzaliwa, huzeeka na kufa huku mtafiti akiwa bado katika ajira ileile, kwa hiyo jibu hupatikana. Kwa binadamu ingebidi wachukuliwe maelfu ya watu wa rika lako, wagawanywe kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa, kisha wafuatiliwe kwa miaka mingi. Anayekuahidi kukutoa 73 na kukufikisha 50 kwa miezi 12 hana jaribio la namna hiyo, na ukimwomba atakuonyesha picha za wateja wanaotabasamu.

Sasa tukitazame kijiti chako cha chuma. Kukadiria umri wa mwili kwa vipimo kunawezekana kweli: mwaka 2013 Steve Horvath wa Los Angeles alitengeneza hesabu inayosoma alama za kikemikali katika sehemu 353 za DNA, ambayo hukadiria umri wa mtu kwa tofauti ya miaka 3 au 4 hivi. Lakini hesabu hiyo huhitaji damu, mate au kipande cha mwili, na mashine za maabara. Kijiti ulichokishika hakikuchukua hata seli moja, kwa hiyo hakikuwa na cha kusoma. Ukitaka kujiridhisha kwa njia uliyowafundisha wanafunzi wako, nenda upimwe mara mbili kwa siku moja, mara ya pili ukiwa umeandikisha jina, uzito na umri wa mtu mwingine, kisha uzilinganishe karatasi zote mbili. Nina hakika kijiti hakitakutambua.

NAD ni kemikali halisi. Imo katika kila seli, husaidia kugeuza chakula kuwa nguvu, na katika baadhi ya viungo hupungua kadiri umri unavyosonga. Hapo ndipo ukweli unapoishia na tangazo kuanza. Maabara zilezile tatu za jaribio la rapamaisini zilipowalisha panya aina ya vitamini B3 ambayo mwili huigeuza kuwa NAD, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba hawakuishi zaidi ya wenzao. Dripu yenyewe ikipitishwa haraka huwaletea watu wengi kichefuchefu na kubanwa kifua, jambo ambalo kwa mtu mwenye historia yako si la kuchezea.

Wepesi wako wa siku tatu, hata hivyo, siutilii shaka. Mwaka 1889 Charles Brown-Séquard, tabibu mkubwa wa mishipa ya fahamu aliyezaliwa Mauritius, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, alijidunga akiwa na miaka 72 maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama, kisha akawaeleza wanazuoni wenzake wa Paris kwamba nguvu zake za zamani zimemrudia. Hakuwa tapeli, na aliyoyahisi aliyahisi kweli. Ila maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote, naye alifariki mwaka 1894. Kabla yako, basi, msomi mwenye sifa duniani kote alifagia uwanja kwa nguvu ya matumaini. (Isitoshe, ulikuwa umetoka safari ndefu ya basi, pengine bila kunywa maji, ukawekewa chupa nzima ya maji mshipani.)

Kapsuli sitazitolea maneno mengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia, na hizo ni pamoja na zilizosajiliwa. Uliza namba ya usajili ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya kila kapsuli. Ukijibiwa kwamba hizi ni lishe tu na hazihitaji, basi wamekiri wenyewe kwamba si dawa ya kurudisha umri.

Seli shina ndiyo sehemu inayonitisha zaidi, kwa sababu dripu ikikosa manufaa umepoteza fedha, lakini sindano inaweza kukupotezea kiungo. Seli shina zina tiba zilizothibitishwa, hasa katika magonjwa ya damu, lakini uzee haumo katika orodha hiyo. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya wanawake watatu wenye umri wa miaka 72 hadi 88 walioingia katika kliniki moja ya Florida wakiwa na macho dhaifu, kila mmoja akalipa dola 5,000, wakatolewa seli katika mafuta ya miili yao na kudungwa nazo machoni, macho yote mawili siku moja. Waliharibikiwa, wengine kwa kiwango cha upofu. Na hayo yalitokea katika nchi yenye sheria, mahakama na waandishi wa habari. Wewe unapelekwa nchi ya kigeni, ambako ukipatwa na madhara hutajua hata mlango wa kugonga.

Metformini ni habari nyingine, kwa sababu waliokuandikia katika kundi la wastaafu hawakuokota maneno barabarani. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Uingereza ulioonyesha wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini wakiishi zaidi hata ya watu wasio na kisukari, na dunia ikashtuka. Mwaka 2022 watafiti waliporudia swali hilo kwa kumbukumbu za Denmark, faida ile haikuonekana. Nir Barzilai wa New York amekuwa akipigania jaribio la watu 3,000 wenye umri wa miaka 65 hadi 79 ili swali lifungwe, na kikwazo chake kikubwa kimekuwa fedha, maana ni dawa ya bei nafuu ambayo hakuna kiwanda kitakachotajirika nayo. Kinachojulikana wakati tukisubiri hakikupendelei: ikitumiwa muda mrefu hupunguza vitamini B12 mwilini, kwa mwenye figo mbovu inaweza kuwa hatari, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, wazee wasio na kisukari waliofanya mazoezi ya nguvu kwa wiki 14 huku wakimeza metformini walipata misuli michache kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Kwa mtu anayetaka kutembea kwa miguu yake miaka 12 ijayo, hiyo ni biashara mbaya.

Lakini Mwalimu, niruhusu nikusemeze kama mdogo wako: dawa ile ni ya mtu mwingine. Wiki 6 kwa kidonge kimoja kila siku ni vidonge 42. Kliniki humhesabia dada yako vidonge hadi tarehe yake ya kurudi, kwa hiyo aidha amekuwa akiishiwa kabla ya siku na kukaa bila dawa, au amekuwa akijilaumu kwamba amezipoteza. Sukari isiyodhibitiwa huharibu macho na figo kimyakimya. Mwambie leo, umwombe radhi, na mwende wote kliniki apimwe sukari ili daktari wake ajue kilichotokea. Wewe acha kumeza leo hii. Kwa asiye na kisukari hakuna haja ya kupunguza polepole.

Nimefika kwenye ile sentensi. Presha 162 kwa 98, ukapewa dawa, ukaacha kwa kuwa hukusikia maumivu. Mama yako alipata kiharusi akiwa na miaka 66. Ulipoandika mambo hayo mawili uliyaweka mbalimbali, moja mwanzoni na jingine mwishoni, kana kwamba hayajuani, nami naona yote mawili yalikuwa na haki ya kukaa mstari mmoja. Umeuziwa hofu ya uzee kwa karatasi za rangi, huku uzee wenyewe, ule wa mishipa ya damu unaopasua ubongo na kuchosha moyo, zahanati ya kwenu ilishakuonyesha kwa namba mbili bila kukutoza milioni hata moja. Presha haiumi, na kusubiri maumivu ndiko kulikowafanya wengi waitambue siku mdomo ulipopinda.

Unachokitafuta hasa ni dawa inayorefusha maisha ya binadamu. Ipo, na pengine uliiacha kabatini. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 3,845 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, wote presha yao ya juu ikiwa 160 au zaidi, yaani watu wa namba kama yako waliokuzidi umri kwa miaka 20. Walioanzishiwa dawa ya presha ya kawaida kabisa, ikiongezwa ya pili pale ilipohitajika, walipungukiwa na vifo vya sababu zote kwa asilimia 21, vifo vya kiharusi kwa asilimia 39, na moyo kushindwa kufanya kazi kwa asilimia 64, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kwa watu wa rika lako ushahidi ni wa zamani zaidi na ni mwingi zaidi. Hakuna dripu, kapsuli wala sindano katika ile orodha ya milioni 14 iliyowahi kukaribia matokeo hayo kwa binadamu, hata kwa mbali.

Kwa hiyo wiki hii, si mwezi ujao, nenda zahanati. Usianze mwenyewe zile dawa za zamani. Chukua pakiti yake uwaonyeshe, waeleze kwamba uliacha, na kwamba umekuwa ukimeza metformini, ili wakupime presha upya pamoja na sukari na figo. Zipo dawa za presha za aina nyingi, na kama ile ya kwanza ilikukera kwa namna ambayo hukuitaja, sema, itabadilishwa. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha ndani ya dagaa na samaki wa ng'onda, ambao najua watu wa Tanga hawaachani nao.

Presha ikishatulia, ishughulikie miguu. Mwaka 1990 huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao waliachana na mikongojo. Nikisoma tena habari za maabara za kurudisha umri nyuma, bado sijaona jambo lililofanyika kwa binadamu mzima likanivutia kama hilo. Wewe huhitaji mashine: kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila kujisukuma kwa mikono, mara 10, pumzika, rudia mizunguko mitatu, ukiruka siku moja kati ya zoezi na zoezi, na ikiwa nyepesi, inuka ukiwa umekumbatia mfuko wa mchele. Wala usijinyime chakula kwa kusikia kwamba panya wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1935 waliopunguziwa chakula waliishi zaidi. Mwanamke wa miaka 61 misuli na mifupa yake inapungua yenyewe, na anahitaji maharage, mayai na samaki, si njaa.

Kuhusu kijana wako, sioni kama ni mwovu. Huenda anaamini anachouza, maana mteja wa kwanza kuuziwa huwa ni wakala mwenyewe. Mwite nyumbani, umwambie wazi kwamba unajua kuhusu asilimia yake na kwamba hukukasirika, kisha mpe kazi ya nyumbani kama mwanafunzi wako yeyote: alete utafiti mmoja uliofanywa kwa watu, si panya, wenye kundi la kulinganisha, unaoonyesha tiba hiyo yote kwa pamoja ikifanya inachoahidi. Akirudi mikono mitupu, atakuwa amejifunza bila wewe kumwita mwongo. Na kama nia yako ni kumsaidia kwa sababu hana kazi, mpe mkononi mtaji mdogo unaoweza kuuaga. Hiyo ni nafuu kuliko kumpa asilimia yake kupitia watu wanaobaki na zilizosalia. Ada za wajukuu zisiguswe na yeyote.

Nunua pia kipimo cha presha cha kufunga kwenye mkono wa juu, na umwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kukifunga. Zile karatasi za rangi ulizopewa usizitupe, kwa kuwa upande wa nyuma ni mweupe. Chora humo jedwali, upime asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kulala, kwa siku saba, ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, mkono ukiwa juu ya meza. Mjukuu wa miaka 9 anajua kusoma namba. Mwachie yeye kazi ya kuandika, kisha mwende nayo zahanati.